Tathmini: Kozi ya Kujitunza kwa Kanuni za Uchambuzi wa Tabia, Kisumu

Kituo kimoja kidogo hapa Kisumu, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuwafundisha watoto wenye usonji na kuwaelekeza wazazi wao, kimeanza kuendesha kozi ya Jumamosi kwa watu wazima wanaotunza wengine: wauguzi, walimu, wahudumu wa afya ya jamii na wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu. Kozi huchukua wiki sita, kwa muda wa saa tatu kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kukodi mtaani Milimani, na ada yake ni shilingi 6,000 zinazolipwa kwa awamu mbili. Jina la kituo naliacha, kwa sababu ninachopima ni kile kinachofundishwa na namna kinavyofundishwa, na kwa sababu kasoro nitakazozitaja zinaweza kurekebishwa kabla ya kundi lijalo kuanza. Hukumu yangu naitoa mapema: kozi inastahili ada yake, na somo lake la usingizi linashinda yote niliyopata kusikia juu ya jambo hilo katika semina za kazini, lakini imejengwa kana kwamba kila mshiriki anaishi peke yake, na katika mji huu walio hivyo ni wachache.

Semina za kujitunza tulizozizoea sisi walimu huwa na mgeni mwalikwa, soda, na orodha ya maagizo: tunyweni maji, tulale mapema, tufanye mazoezi, tusibebe kazi nyumbani. Hakuna asiyeyajua hayo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inamtaka mtu mzima atembee au afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na shirika hilo hilo mwaka 2019 liliutambua uchovu wa kazi uliokithiri kuwa jambo linalotokana na mazingira ya kazi, wala si ugonjwa. Kujua tunako kwa kutosha. Kozi hii huanzia mahali pengine: ikiwa unajua, mbona hufanyi? Na mkufunzi hakubali jibu la uvivu. Tunasema mtu hafanyi mazoezi kwa kuwa ni mvivu, na tukiulizwa tumejuaje kuwa ni mvivu, tunajibu kwamba hafanyi mazoezi. Hoja inazunguka na kurudi ilipotoka, na mhusika hajasaidiwa kwa lolote ila kupewa aibu ya kubeba.

Badala ya tabia ya moyoni, kozi inamtaka mshiriki aangalie vitu viwili vinavyoonekana: kilichotangulia tendo na kilicholifuata. Fikra hii, ndiyo inayoitwa uchambuzi wa tabia, ina historia ndefu, na mkufunzi aliipitia kwa haraka iliyofaa. Edward Thorndike, aliyewafungia paka katika visanduku vyenye komeo na kuandika matokeo yake mwaka 1898, aliona kwamba tendo linaloleta nafuu hurudiwa upesi zaidi kila safari. B. F. Skinner, Mmarekani aliyeishi kati ya mwaka 1904 na 1990, aliifanya hoja hiyo kuwa elimu kamili. Mwaka 1968 Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley wakaandika jinsi elimu hiyo inavyopaswa kutumika nje ya maabara, katika mambo yenye maana kwa watu wenyewe. Jina la Baer nitalirudia, kwa kuwa maandishi yake ya baadaye yanaishtaki kozi hii.

Juma la kwanza hakuna kinachoruhusiwa kubadilishwa. Kila mshiriki hupewa kadi zenye safu tatu, ya kwanza kwa kilichotangulia, ya pili kwa tendo, ya tatu kwa kilichofuata papo hapo, na hutakiwa kuchagua tendo moja tu analotaka lizidi au lipungue, kisha aliandike kila linapotokea, au linapokosa kutokea mahali alipolitarajia. Wengi walinung'unika kwamba wamelipa pesa ili waambiwe wajaze karatasi. Kwangu mimi hapo ndipo thamani ilipokuwa. Mkufunzi alitahadharisha, na alifanya vyema, kwamba kujiandika kwenyewe hubadilisha tendo kidogo, kwa hiyo kadi za siku mbili za kwanza zisichukuliwe kuwa kipimo cha kweli cha mwanzo.

Mfano uliolishawishi darasa ulikuwa wa mwalimu wa shule ya msingi aliyeumwa kichwa karibu kila alasiri, naye akachagua kunywa maji. Chupa alikuwa nayo, tena ilikaa mezani mbele yake. Kadi zake zilionyesha kwamba tatizo halikuwa kusahau. Akinywa maji saa tatu, kabla ya kengele ya mapumziko hulazimika kuliacha darasa lililojaa pomoni, kuvuka uwanja hadi choo cha walimu, na kurudi akikuta kelele ambazo mwalimu mkuu amezisikia kabla yake. Kutokunywa kulikuwa kunamkinga na fedheha hiyo kila siku, na kichwa kilichouma saa tisa kilikuja kikiwa kimechelewa mno kuweza kushindana nayo. Mkumbushe mara mia katika simu yake, hatakunywa. Kilichofanyika ni kuhamisha maji yenyewe: chupa ya kwanza muda mfupi kabla ya mapumziko, ya pili karibu na chakula cha mchana, ili choo kiangukie saa ambayo hakuna darasa la kuachwa. Sijawahi kuona semina ya afya inayouliza choo kiko umbali gani.

Kwa njia hiyo hiyo darasa lilielewa jambo ambalo hata vitabu vya ualimu hulichanganya, nalo ni uimarishaji hasi. Watu wengi hudhani ni jina la kistaarabu la adhabu, ilhali adhabu hupunguza tendo na uimarishaji hasi hulizidisha kwa kumwondolea mtu kero. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alitaka kuacha mazoea ya kukaa na simu muda mrefu nje ya mlango wake kila arudipo kazini asubuhi. Alikuwa ameshafuta programu kadhaa na kuzirudisha. Kadi zilisema waziwazi kwamba simu haikuwa na utamu wowote wa pekee. Ilichokuwa ikimpa ni kutokuingia ndani, kwa kuwa akiingia tu, watoto wanataka sare, jiko linataka mtu, na mgeni aliyelala sebuleni anataka chai. Mkufunzi hakumwambia aiache simu. Alimwambia atafute njia nyingine ya kuipata nafuu ile ile bila kukaa kizingitini, yaani nusu saa baada ya kuingia ambayo hakuna mtu atakayemwita. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Namna ya kuipata hiyo nusu saa kutoka kwa watu wa nyumbani haikufundishwa, na nitalieleza hilo zaidi baadaye.

Somo la usingizi, ambalo huja Jumamosi ya tatu, ndilo la kumfanya mtu ajiandikishe. Msingi wake ni utaratibu uliopendekezwa na mwanasaikolojia Mmarekani Richard Bootzin mwaka 1972, wenye lengo la kukifanya kitanda kiwe ishara ya usingizi na si ya kitu kingine: mtu apande kitandani akiwa na usingizi, asile wala kutazama runinga wala kuwaza madeni akiwa hapo, akiona usingizi hauji aondoke aende chumba kingine mpaka atakaposinzia, aamke saa ile ile kila asubuhi hata kama amelala kidogo, na asijilaze mchana. Ni utaratibu uliopimwa sana na kuheshimiwa na matabibu wa usingizi. Lakini mkufunzi alipofika kwenye maneno ya chumba kingine, ukumbi mzima uliangua kicheko. Nusu ya waliohudhuria wanaishi katika chumba kimoja, Manyatta au Nyalenda, ambapo kitanda ndicho kochi, ndicho meza ya kusahihishia vitabu, na ndicho mahali pa wageni kuketi.

Mkufunzi alikuwa amekitarajia kicheko hicho, na jibu lake lilinishangaza kwa urahisi wake. Katika ukanda huu wa ziwa, malaria ikiwa haina msimu wa kupumzika, karibu kila kitanda kina chandarua. Chandarua kinapokuwa kimefungwa fundo juu, kitanda ni kiti, na mtu afanye hapo lolote analotaka. Kikishushwa na kuchomekwa chini ya godoro, kitanda ni cha kulala tu. Simu huachwa ikichaji nje ya chandarua, upande wa pili wa chumba ikiwezekana, na chandarua hakishushwi mpaka macho yawe mazito kweli. Tazama jinsi kanuni tatu zinavyokutana katika kitendo kimoja ambacho mtu angekifanya hata hivyo. Kuna ishara iliyo wazi, isiyochanganyika na shughuli za mchana. Kuna ongezeko la kazi kwa tendo lisilotakiwa, kwa kuwa anayetaka kuichukua simu sharti achomoe kitambaa, ashuke, kisha achomeke upya gizani. Na kuna tokeo la papo hapo ambalo halihitaji mtu wa kulisimamia, maana kila uchomoapo, mbu huingia.

Mshiriki mmoja aliuliza swali lililostahili: asiyepata usingizi, atoke nje ya chandarua usiku wa manane, saa ambazo mbu wa malaria wanauma zaidi, ili tu amfuate Bootzin? Mkufunzi alikiri kwamba hapo utaratibu wa asili unapungua nguvu. Alipendekeza mtu aketi ndani ya chandarua, aegemee ukuta akielekea upande usio wa mto, bila simu, na alale tena atakaposinzia. Alisema pia kwamba hawezi kuahidi kuwa kuketi kitandani kunafanya kazi sawa na kuondoka. Nilithamini kukiri huko kuliko kama angejifanya kwamba kila kilichoandikwa Marekani kinakaa sawasawa Kondele. (Nyongeza ya kuchekesha katika somo hilo ilikuwa mfano wa Israel Goldiamond, ambaye katika makala ya mwaka 1965 alieleza jinsi alivyomwelekeza mume mwenye kununa anunie juu ya kigoda maalumu ndani ya gereji, na si mahali pengine popote. Wakina mama waliuliza vigoda hivyo vinauzwa wapi.)

Mazoezi ya mwili yalipewa muda mfupi, na pengine yalistahili ufupi huo. Yako mawili ya kukumbuka. La kwanza ni kwamba sisi wa Kisumu, tulio hatua chache kusini mwa ikweta, tuna saa ya bure ambayo mkazi wa London hana: jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kwa takriban robo saa tu. Mwanga wa dirishani kwa hiyo ni kitangulizi kisichohama, ilhali alasiri huwezi kuitegemea, kwa kuwa mawingu hupenda kujikusanya na kumwaga mvua saa zile zile ambazo mtu amepanga kutembea. La pili ni kujenga tendo kwa vipande. Mshiriki haanzi kwa kutembea hadi Dunga na kurudi. Huanza kwa kuvaa viatu na kufika getini, na kiwango hakipandishwi mpaka kadi zionyeshe kwamba hicho cha chini kimeshakuwa rahisi. Kipande hiki ndicho washiriki walichokiruka zaidi. Kufika getini kulionekana mzaha, wakaenda mbali siku ya kwanza, na wiki ya pili hawakwenda kabisa. Mkufunzi angewabana zaidi hapa.

Kuhusu malipo ya kujilipa, maelezo ya mdomo yalikuwa mazuri na kijitabu kilikuwa kibaya. Kijitabu kilichogawiwa kinamshauri mshiriki ajinunulie zawadi mwisho wa wiki akitimiza lengo. Zawadi ya Ijumaa haiimarishi tendo la Jumatatu ipasavyo, kwa sababu kati yake yamepita mambo mengi, na kwa mtu anayelipa karo kwa mafungu ni gharama asiyoihitaji. Mkufunzi mwenyewe alifundisha vizuri kuliko kijitabu chake. Alieleza kanuni ya David Premack, aliyechapisha mwaka 1959 jaribio la watoto waliowekewa mashine ya mchezo na mashine ya peremende: waliopendelea mchezo walikula peremende zaidi ili waruhusiwe kucheza, na waliopendelea peremende walicheza zaidi ili waruhusiwe kula. Maana yake ni kwamba huhitaji kununua chochote. Tafuta unachokifanya kila siku bila kusukumwa, kisha ukitangulize na kile kinachokuwia kigumu. Mshiriki mwenye maumivu ya mgongo aliweka kujinyoosha mbele ya chai ya asubuhi. Sufuria haiinjikwi mpaka mgongo unyooshwe. Chai ni ile ile aliyokuwa akiinywa siku zote, na gharama haikuongezeka hata senti.

Niliuliza swali ambalo hunisumbua kama mwalimu. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walionyesha mwaka 1973 kwamba watoto waliokuwa wakipenda kuchora, wakiahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye huchora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Je, hatujiharibii mambo tunayoyapenda kwa kuyawekea malipo? Jibu lilikuwa fupi na la kuridhisha: pasipo na upungufu, usitie kitu. Anayekwenda mazoezi ya kwaya kwa furaha asijiandalie kadi wala chai ya kwaya. Malipo ni ya tendo ambalo bado halijapata faida yake lenyewe, na yanapaswa kupunguzwa kadiri faida hiyo inavyoanza kuonekana.

Kisha kuna suala la faini. Kikundi kimoja ndani ya darasa, kwa mazoea ya vyama vya akiba, kilikubaliana kwamba atakayekosa lengo lake atalipa shilingi 50 kwenye mfuko wa pamoja. Mkufunzi aliwakanya, wakaendelea. Kilichotokea kingeweza kutabiriwa na yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina: kadi za kikundi hicho zikawa nzuri mno. Faini haikuongeza kutembea wala kulala, iliongeza kalamu. Kwa mtu ambaye chombo chake pekee cha kujitambua ni rekodi ya kweli, hiyo ni hasara kubwa kuliko kukosa lengo. Ningependa mkufunzi aitumie hadithi hiyo kama somo kwa kundi lijalo badala ya kuipita kimyakimya kama alivyofanya, labda kwa kuwaonea haya.

Nusu ya kipindi kimoja ilitengwa kwa kamari na simu, ikiegemea kazi ya Charles Ferster na Skinner ya mwaka 1957 kuhusu ratiba za malipo. Tendo linalolipwa baada ya idadi isiyotabirika ya majaribio hufanywa kwa kasi na hudumu muda mrefu hata malipo yanapokoma, na ndiyo maana mikeka ya kubeti na kurasa za video zisizo na mwisho huwashika watu kuliko mshahara wa mwezi. Ilikuwa sahihi na fupi, na sina la kuongeza.

Sasa makosa. La kwanza liko ukurasa wa pili wa kijitabu, panaposemwa kwamba tabia mpya hukamilika kwa siku 21. Dai hili husambaa kila mahali, na asili yake inayotajwa mara nyingi ni maelezo ya Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku zipatazo 21 kuizoea sura yao mpya. Kuzoea pua si kuzoea kuamka mapema. Utafiti ulio karibu zaidi na mada yetu ni wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua tendo la kula, kunywa au mazoezi la kufanya kila siku kwa wiki 12, na kwa wale ambao takwimu zao ziliweza kupimwa vyema, muda wa katikati wa tendo kufikia kujiendesha lenyewe ulikuwa siku 66, wengine wakikadiriwa kuhitaji siku 18 na wengine 254. Kubwa zaidi kwa washiriki wa kozi hii ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo kwa kiasi cha kuonekana. Kijitabu kinachomwahidi muuguzi wa zamu siku 21 kinamwandalia siku ya 22 ya kujilaumu, na hiyo ni kinyume cha yote aliyofundishwa Jumamosi ya kwanza.

Kosa la pili ni zito zaidi. Wiki ya sita ina vyeti, picha ya pamoja, na kuagana. Hakuna mpango wa wiki ya kumi, hakuna kikao cha kurejea, hakuna maelekezo ya kuziacha kadi pole pole. Mwaka 1977 Trevor Stokes na huyo huyo Donald Baer walichapisha makala iliyowasuta wenzao kwa mazoea ya kufundisha na kutumaini, yaani kubadilisha tendo darasani au kliniki, kisha kungoja litokee nyumbani kwa bahati. Walisisitiza kwamba kudumu na kuenea kwa tendo ni jambo la kupangwa kama lilivyopangwa tendo lenyewe. Kituo hiki kinaijua hoja hiyo kuliko mimi. Kinapomfundisha mtoto mwenye usonji kuomba maji, hakisemi kazi imekwisha mpaka mama na dada na shangazi wafundishwe kumpa maji anapoomba, kwa sababu wanajua kwamba mtoto atakayeomba kwa ufasaha kituoni na kupuuzwa nyumbani ataacha kuomba. Kwa watu wazima wameisahau elimu yao wenyewe.

Upungufu huo ulionekana wazi kwa mama mmoja aliyekuwa ameendelea vizuri kuliko wengi wetu katika kutembea alfajiri. Anaishi na mama mkwe wake. Asubuhi moja aliporudi, mama mkwe alimwambia mbele ya watoto, "Wenzako wanawasha moto, wewe unazurura barabarani kama asiye na kwake." Hakutembea tena wiki hiyo wala iliyofuata. Hakuna chai ya asubuhi inayoweza kushindana na neno kama hilo, hasa linapotoka kwa mtu ambaye hawezi kujibiwa. Alipolieleza darasani, mkufunzi alimwambia, "Zungumza naye, mama, umweleze umuhimu wa afya yako." Kwa kipimo cha kozi yenyewe jibu hilo ni dhaifu, kwa kuwa linarudi kwenye kutoa taarifa. Swali la uchambuzi wa tabia lingekuwa: huyo mama mkwe anapoteza nini mkwe wake anapotoka, na anaweza kupata nini akirudi? Mwanafunzi mwenzetu, mhudumu wa afya ya jamii, ndiye aliyeuliza hivyo wakati wa chai, na wakapanga pamoja kwamba moto uwashwe kabla ya kutoka na kwamba safari iishie sokoni, ili mama mkwe amwone akirejea na mboga na maziwa mkononi. Ilifanya kazi. Haikuwa sehemu ya kozi.

Ningeshauri basi Jumamosi moja itolewe, pengine ile ya zawadi na kamari, na mahali pake pawekwe kikao ambacho kila mshiriki anakuja na mtu mmoja wa nyumbani kwake, wakaandika mapatano mafupi yenye kutaja nani atafanya nini, lini, na mwenzake atamrudishia nini. Mapatano ya namna hii ni chombo cha kawaida katika fani hii. Muuguzi wetu angeipata nusu saa yake.

Kuhusu mengineyo: mkufunzi huanza kwa wakati na hufundisha kwa Kiswahili safi, ingawa kadi zimechapishwa kwa Kiingereza na ilibidi safu zitafsiriwe kwa mdomo. Ukumbi una feni moja na kufikia saa tano joto hulemea. Chai na mandazi vimo katika ada. Hakuna mpango wowote wa watoto, jambo la ajabu kwa kozi inayowaalika wazazi wa watoto wasioweza kuachwa kwa jirani. Wazazi wawili waliacha kuja, na sidhani walikosa hamu. Siku ya kwanza ilitangazwa wazi kwamba mwenye huzuni isiyoisha, mwenye mawazo ya kujidhuru, au anayekoroma na kukatika pumzi usingizini aende hospitali kwanza, na mkufunzi alitoa maelekezo ya faragha kwa waliomfuata. Hilo lilifanywa vizuri.

Kozi itamfaa mtu mwenye tendo moja mahususi linalomshinda na ambaye yuko tayari kujaza kadi bila kujipendelea. Haitamfaa anayetafuta kutiwa moyo, kwa kuwa mkufunzi hana hotuba. Awamu ya pili ya ada hudaiwa baada ya Jumamosi ya tatu, yaani baada ya somo la usingizi, na anayetaka kuishia hapo huruhusiwa bila maneno. Mwenye bajeti finyu anaweza kufanya hivyo na asijute. Nilipouliza kama mshiriki anaweza kuja na mume, dada au mama mkwe wake, niliambiwa kwamba viti vipo na kwamba hakuna aliyewahi kuomba. Ombeni wakati wa kujiandikisha, kabla viti havijajaa.